Saa ya hela ndefu ambayo hakuna atakayegeuka kuiangalia: unaichaguaje

Saa yangu ya kwanza ya maana ilinipandishia mchango wa harusi, na sitanii. Nimekaa zangu kwenye kikao cha kamati, harusi ya mshkaji, mkononi nina lidude la milimita 44, cheni ya chuma inayowaka mpaka basi, vitufe vitatu pembeni kama redio. Mwenyekiti alivyofika kwangu hakuniuliza ahadi, akaangalia mkono kwanza afu akasema kwa sauti "huyu muandikeni laki tano, akikataa tutamkumbusha saa ngapi". Ukumbi mzima kicheko. Mimi nilikuja na laki moja kichwani.

Ndo maana nikiona watu wanaongelea saa isiyovuta macho wanataja vibaka peke yake huwa nacheka, kibaka ni mmoja tu kwenye foleni ya watu wanaosoma mkono wako, yupo fundi wa AC anayetaja bei baada ya kukutazama, yupo dalali, yupo shemeji. Kama unapenda saa nzuri na una hela yako halali, unachotafuta ni kitu ambacho wewe unakijua na wao hawakijui.

Sasa cha kwanza, jua nini hasa kinachopiga kelele. Watu wanadhani ni bei, lakini bei haionekani kutoka hatua tatu. Kinachoonekana ni mng'ao, ukubwa, rangi ya dhahabu na umbo ambalo kila mtu ameshaliona kwenye video za muziki. Ule ukingo wenye meno meno wa Rolex na kile kijilenzi kilichokaa juu ya tarehe, au ile Royal Oak ya Audemars Piguet yenye pembe nane na skrubu nane usoni, hivyo ni kama mabango. Kuna jamaa watakwambia "aah Bongo Rolex feki zimejaa Kariakoo, hata ukivaa original watajua ni feki tu". Hapo umekosea hesabu mwanangu, anayekwapua hapimi kwanza, anachukua afu ndo anaenda kuuliza, na wewe mkono umeshachubuka.

Kuna kipimo changu cha bure kabisa. Simama nje saa sita mchana na saa mkononi, karibu na ukuta, zungusha mkono taratibu. Ukiona kidoa cha mwanga kinakimbia ukutani kama mtoto anachezea kioo, jua hicho ndo kitakuwa kinacheza kwenye paa la gari ukiwa kwenye foleni ya Buguruni kioo kiko chini. Saa iliyosuguliwa kwa brashi, yani chuma chake kina mikwaruzo myembamba sana ya makusudi inayoenda upande mmoja, haifanyi hivyo, mwanga unakufa pale pale. Kwa hiyo ukiwa dukani usiangalie saa chini ya zile taa zao, zile taa zimewekwa ili kila kitu kiwake, omba utoke nayo mlangoni, na mwenye duka akigoma basi angalau sogea dirishani.

Saizi: chukua uzi, zungushia kifundo cha mkono, pima kwa rula. Mikono mingi ya kawaida ya wanaume inabeba vizuri milimita 36 mpaka 39. Lakini kipenyo peke yake kinadanganya, pima pia kutoka ncha ya juu inaposhika mkanda mpaka ncha ya chini, zile ncha zikivuka ukingo wa mkono saa itaonekana imekuvaa yenyewe. Unene usizidi milimita 12 hivi, ili pindo la mkono wa shati la mikono mirefu lipite juu bila kukwama, maana saa inayokwama unaivuta vuta kila dakika na kila ukivuta watu wanaangalia.

Madini ndo sehemu tamu. Titani ni ya kijivu kijivu imepoa, nyepesi karibu nusu ya chuma, mtu akiishika anadhani ni plastiki. Afu kuna dhahabu nyeupe, hiyo kwangu ni wendawazimu wa hali ya juu na naiheshimu, unalipa hela ya dhahabu upate kitu ambacho jirani anaona ni chuma. Ukitafuta kwenye kifuniko cha nyuma au pembeni utakuta kimuhuri cha 750, maana yake sehemu 750 kwenye 1,000 ni dhahabu, na anayejua ni wewe peke yako kwa sababu unausikia uzito. Calatrava ya Patek Philippe ya dhahabu nyeupe ni hivyo, umbo lililoanza 1932, duara, mishale, vijiti vya kuonyesha saa, basi. Bei yake mpya unapata kiwanja Kigamboni na tofali za kuanzia, kwa hiyo tuendelee.

Wengi bajeti zetu zinaishia chini sana ya hapo na bado kuna vitu. Tudor kwa mfano, jina lilisajiliwa 1926 kwa ajili ya Hans Wilsdorf, yule yule aliyeanzisha Rolex, ila huku mtaani ukitaja Tudor mtu atakuuliza ni gari gani hiyo. Ranger yao iliyotoka 2022 ina milimita 39, imesuguliwa kwa brashi karibu yote, haina tarehe, inafaulu kile kipimo cha ukuta. Nomos wa Glashütte, Ujerumani, walianza 1990 muda mfupi baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, Tangente yao ya milimita 35 ina namba nyembamba kama za saa ya mwalimu mkuu wa zamani na unaijaza nguvu mwenyewe kila siku kwa kuzungusha kitufe cha pembeni. Tatizo lake ni maji, imeandikiwa mita 30 na hizo mita 30 maana yake ni kunawa mikono na manyunyu, usije ukaingia nayo baharini Kigamboni afu ukaanza kulaumu Wajerumani. Ukitaka ya kuogelea anzia mita 100.

Kuna na Reverso ya Jaeger-LeCoultre, ya 1931, walitengenezewa maofisa wa Kiingereza waliokuwa wanacheza polo India na kuvunja vioo, uso unageuka chini unabaki mgongo wa chuma mtupu. Kwa wazo la kujificha hakuna kama hiyo, unapanda daladala umeigeuza wanaona bangili. Ila ni ya mstatili na watu huuliza uliza, "hiyo nini?", kwa hiyo kwangu inapoteza alama.

Mimi mwisho nilienda kwa Wajapani. Si unajua Seiko 5 ilivyo huku, kila ukoo una babu aliyekuwa nayo. Sasa Grand Seiko ilianza 1960 kama ngazi ya juu ya Seiko, na kwa miaka mingi mpaka 2017 kwenye uso juu kabisa kuliandikwa SEIKO kubwa, Grand Seiko ikakaa chini. Mwaka huo ndo ikatangazwa brandi inayojitegemea na neno SEIKO likaondoka usoni. Kwa hiyo mtu wa kujificha anatafuta ya kabla, used, na yangu ndo ile wanayoiita Snowflake namba SBGA011, ya titani, uso mweupe una vinundu kama theluji iliyopulizwa na upepo. Haina betri, inajijaza nguvu yenyewe ukiwa umeivaa, ila inapotea kama sekunde moja tu kwa siku. Niwe mkweli, kingo zake kuna sehemu zimepigwa polishi kama kioo, kwenye kipimo cha ukuta inafeli kidogo.

Kuagiza used Japan ni kama tunavyoagiza Noah, soma maelezo ya hali yake kila mstari, omba picha za kifuniko cha nyuma na za kufuli la mkanda, linganisha serial namba ya kwenye saa na ya kwenye karatasi, na ushuru wa TRA uweke kwenye bajeti tangu mwanzo usije ukashangaa. Karatasi zikifika zikae mbali na saa. Na usiweke picha status jamani, umenunua saa ya kujificha afu unaitangaza mwenyewe kwa watu 300.

Tabia nayo inahusika. Rais Macron wa Ufaransa 2023 alikuwa kwenye mahojiano ya TV kuhusu pensheni, saa ikawa inagonga meza, akaivulia chini ya meza, na mitandao ikalipuka kwamba anaficha saa ya euro 80,000 wakati ilikuwa saa ya Bell & Ross ya euro elfu chache. Ukishaivaa iache hapo hapo.

Mkanda ndo silaha ya mwisho na ni rahisi kuliko yote. Cheni ya chuma ndo inabeba zaidi ya nusu ya mng'ao, ivue, weka nailoni au turubai rangi ya udongo. Ngozi kwa joto la Dar sikushauri, miezi miwili ishaanza kunuka kama ndala za msikitini.

Nilipeleka yangu kwa fundi saa mmoja Kariakoo abadilishe mkanda, mzee wa makamo, kimeza kidogo, lenzi imefungwa kwa mpira kichwani. Akaipokea bila kuitazama, akatoa pini ya kwanza, akatoa ya pili, afu akasimama. Mshale wa sekunde wa hizi saa haurukiruki, unateleza tu kama mafuta kwenye sahani, na yeye ameuona. Akashusha lenzi jichoni, akakaa nao mzunguko mzima. Akapandisha lenzi, akatoa kitambaa kisafi kwenye droo, akailaza saa juu yake, akaniangalia.

"Shikamoo," nikajikuta nimesema, na tulishasalimiana.

"Marahaba. Mkanda elfu tano," akasema. "Ila huu wako thelathini."