Kumchagulia Mtoto Mdadisi Kitabu cha Maarifa na Kukitumia Hadi Ufukweni

Mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili anayeuliza samaki hulala wapi, au kwa nini maji ya ziwa hayaishi, anahitaji vitabu vya aina mbili zaidi ya vile vya shule: kitabu cha maarifa, kinachomweleza mambo ya kweli, na kitabu cha shughuli, kinachompa la kufanya kwa mikono yake. Bei ya vitabu hivi si ndogo, kwa hiyo mzazi akikague kitabu kabla ya kulipa.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kufungua ukurasa unaohusu jambo unalolijua vizuri wewe mwenyewe. Sisi wa Kigoma tuna kipimo chetu: kitabu kikisema kwamba Ziwa Tanganyika ndilo lenye kina kirefu kuliko maziwa yote duniani, kirudishe, kwa sababu la kwanza ni Baikal, lililoko Urusi, na letu, lenye kina cha mita 1,470, ni la pili duniani na la kwanza Afrika. Mwandishi aliyekosea hapo anaweza kuwa amekosea pia kwenye kurasa za nyota na volkano, ambazo huna namna ya kuzihakiki ukiwa dukani. Baada ya hapo tazama kama kuna faharasa mwishoni, yaani orodha ya mada na namba za kurasa zake, kwani mtoto aliyefundishwa kuitumia huenda moja kwa moja kwenye swali lake bila kusubiri mtu mzima.

Kwa kitabu cha shughuli, anza na orodha ya vifaa. Niliwahi kununua kimoja chenye picha za kupendeza mno, lakini karibu kila jaribio lilidai oveni au dawa za maabara. Mtoto alipaka rangi kurasa mbili, akakiacha. Tangu siku hiyo natafuta kinachotumia uzi, chupa tupu, mchanga, majani na maji.

Hata kitabu cha maarifa kisicho na shughuli yoyote kinaweza kugeuzwa kuwa cha vitendo. Chukua ile namba ya mita 1,470, ambayo kwa mtoto ni tarakimu tu. Mwambie akate uzi wa sentimita 147, ambapo kila sentimita moja inasimama badala ya mita kumi, kisha ausimamishe ukutani na asimame kando yake. Wengi wa darasa la tano au la sita watakuta uzi unakaribia utosi wao. Sasa muulize urefu wa ziwa, ambao ni karibu kilomita 670, ungehitaji uzi wa kiasi gani kwa kipimo hicho hicho. Mwache akokotoe mwenyewe. Jibu ni karibu mita 670, na mkitoka nje mkauhesabu mwendo huo kwa hatua, atarudi akiwa ameelewa kwa miguu yake jinsi ziwa hili lilivyo refu na jembamba.

Ukurasa unaohusu samaki usomwe kabla ya kwenda mwaloni Kibirizi, wanakofikia wavuvi hapa Kigoma, ili mtoto aende na swali lake. Swali zuri ni kwa nini wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Mvuvi atamweleza kwamba taa huwavuta dagaa gizani, lakini mbalamwezi ikitanda juu ya maji yote, taa hupoteza nguvu yake. Jibu hilo aliandike kwenye daftari lake, pembeni ya namba ya ukurasa wa kitabu.

Vitabu kuhusu sokwe wa Gombe, hifadhi iliyoko mkoani kwetu, vichaguliwe kwa uangalifu wa namna hiyo hiyo. Kilicho bora hakiishii kusema kwamba mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe akitumia ubua kuvua mchwa kichuguuni, bali kinaonyesha jinsi alivyokaa, akasubiri na kuandika. Baada ya kukisoma, mtoto amtazame kuku mmoja uani kwa dakika kumi na tano bila kumsumbua, akiandika kila anachokifanya na saa yake.

Kama watoto ni wengi na kitabu ni kimoja, majibu yote yaandikwe kwenye madaftari, na nafasi zilizoachwa kitabuni zibaki tupu kwa ajili ya mdogo wao atakayefuata.