Jino lililozibwa hudumu miaka mingapi, na lini lizibwe upya

Gego likizibwa kwa amalgamu, ile yenye zebaki, ya rangi ya fedha inayozidi kuwa nyeusi, kizibo hukaa miaka 10 hadi 15, na vingine hupita 20. Komposaiti yenye rangi ya jino hukaa miaka 5 hadi 10. Dawa nyeupe inayonukia karafuu ni ya wiki chache tu. Wengi maumivu yakitulia hawarudi kliniki, na jino huendelea kuoza chini kwa chini.

Kizibo ni nadra kuchakaa kikaisha. Kinachoharibika ni ukingo, pale kinapokutana na jino. Komposaiti hunywea takriban asilimia 2 hadi 3 inapogandishwa kwa taa ya buluu, ndiyo maana hujazwa kwa tabaka za milimita 2 hivi, kila moja ikimulikwa kama sekunde 20. Daktari akishindilia donge moja nene, chini hubaki bichi. Mate yakigusa jino kabla gundi haijashika, pale hapashikani tena, na vijidudu wamepata mlango. Kwa hiyo daktari akibadilisha pamba mara kwa mara, usimharakishe.

Nakuru kuna la ziada. Visima vingi vina floridi nyingi, na meno ya kahawia ndiyo matokeo. Enameli hiyo, yaani tabaka gumu la nje la jino, hailiki vizuri na asidi inayotangulia gundi, kwa hiyo huenda daktari akalisugua jino kidogo kwanza au aiache asidi ikae zaidi.

Siku ya kuzibwa usitafune hadi ganzi iishe, utajing'ata shavu. Ikiwa ni amalgamu, usitafunie upande huo kwa saa 24. Ukihisi jino lile linatangulia kugonga kuliko mengine, rudi likapunguzwe. "Utazoea" ni ushauri mbaya, huishia kupasua jino au kizibo.

Baadaye jikague. Pitisha uzi wa meno: ukichanika mahali palepale kila mara, ukingo umeinuka au pana tundu. Maumivu yanayochoma unapoachia kung'ata huashiria ufa. Ubaridi kusumbua wiki moja au mbili baada ya kuzibwa ni kawaida, lakini jino likipwita usiku bila kuguswa, neva imefikiwa, usingoje.

Mstari wa kahawia ukingoni peke yake si kuoza, chai pia huacha rangi. Omba eksirei kabla ya kukubali kutobolewa, maana kila kubadilisha hula kidogo zaidi sehemu ya jino isiyooza. Pembe ya kizibo ikibanduka, mara nyingi kiraka kinatosha. Amalgamu iliyo salama usiitoe kwa hofu ya zebaki: mvuke mwingi hutoka inapotobolewa.

Na miwa ya Muhoroni? Itafune ukipenda, lakini ganda limenywe kwa kisu, na sukari yake isukutue kwa maji. Gego ambalo kizibo kimechukua zaidi ya nusu, ulizia taji, yaani kofia ya kulifunika jino, kabla kuta zake hazijavunjika.