Somo: Kuingiza wazee na watu wenye ulemavu kwenye mpango wa halmashauri

Habari zenu. Nimekaa miaka mingi kwenye vikao vya kupanga bajeti za halmashauri, na kosa ninalokutana nalo ni lilelile: mpango wa wazee na watu wenye ulemavu huanza na kitu. Jengo, viti mwendo, sherehe ya siku ya maadhimisho. Nawaomba tuanze na siku ya mtu. Anaamkaje? Nani anamsaidia kuoga? Anafikaje kwenye dirisha la dawa, na akirudi anamkuta nani nyumbani?

Hatua ya 1: Hesabu kwa kuuliza vizuri

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nyumba moja tuliuliza, "Kuna mlemavu humu?" Tukajibiwa hakuna. Kumbe chumba cha nyuma yumo bibi aliyepofuka kwa mtoto wa jicho. Familia haikutudanganya. Kwao bibi hakuwa mlemavu, alikuwa amezeeka tu. Tukaandika sifuri, na sifuri ile ikaenda hadi kwenye bajeti.

Tumia maswali 6 mafupi ya Kundi la Washington, kikundi cha kimataifa kinachoshughulika na takwimu za ulemavu. Nchi nyingi huyatumia maswali hayo kwenye sensa. Unauliza kama mtu anapata shida kuona hata akivaa miwani. Kusikia hata akitumia kifaa cha kusikia. Kutembea au kupanda ngazi. Kukumbuka au kutuliza mawazo. Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa. Na kuelewa au kueleweka anapozungumza lugha yake ya kila siku. Majibu ni manne: hapana, ndiyo kiasi, ndiyo sana, siwezi kabisa. Aliyejibu "sana" au "siwezi" hata kwenye swali moja, anahesabiwa. Neno "ulemavu" halitajwi kabisa, na hiyo ndiyo nguvu ya maswali haya, kwa sababu hakuna anayeona haya kusema kwamba ngazi zinamsumbua.

Ongeza maswali mawili ya kwenu: anaishi na nani, na nani anamhudumia. Mara nyingi mhudumu naye ni mzee. Akiugua yeye, wawili wanaanguka pamoja, na mpango usiomtaja mhudumu umeacha nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Tembea naye

Chagua watu wachache wenye hali tofauti, waombe ridhaa, kisha fuatana nao kutoka mlangoni kwao hadi kwenye huduma na kurudi. Beba futi kamba. Mlango unaopitika kwa kiti mwendo unahitaji uwazi wa angalau sentimita 80, na kiti kinahitaji kama mita moja na nusu ili kigeuke. Mteremko wa kuingilia uwe 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 45 kinadai mteremko wa mita 5.4. Nimeona miteremko ya mita mbili kwenye kimo hicho. Mkandarasi amelipwa, picha zimepigwa, na hakuna anayeweza kuipanda bila kusukumwa.

Andika pia yasiyopimika kwa futi: choo kilichofungwa na mwenye ufunguo hayupo, foleni isiyo na benchi, karani anayemjibu msindikizaji badala ya mwenye shida.

Hatua ya 3: Wakae mezani kabla rasimu haijaandikwa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 4, unazitaka serikali zishauriane kwa karibu na watu hawa kupitia vyama vyao. Kumwita mtu asikilize rasimu iliyokwisha kupitishwa si kushauriana. Toa taarifa mapema, lipa nauli yake na ya msindikizaji, andaa maandishi makubwa au nukta nundu. Kikao kirefu kinahitaji wakalimani wawili wa lugha ya alama wanaopokezana, maana mmoja huchoka na tafsiri inaanza kupotea.

Hatua ya 4: Bajeti

Gawa fungu mara mbili tangu mwanzo: fedha ya kujenga na kununua, na fedha ya kuendesha. Ya kwanza hupatikana kwa urahisi kwa sababu inaonekana. Ya pili ndiyo huduma yenyewe: mshahara wa anayetembelea nyumba, mafuta, betri za vifaa vya kusikia, fundi wa viti. Kila kinachonunuliwa kiandikiwe gharama zake za miaka inayofuata kwenye kasma yake, yaani kifungu chake cha bajeti. Mhasibu akiuliza kwa nini, mwonyeshe stoo ya viti vilivyokatika tairi za mbele.

Hatua ya 5: Ufuatiliaji

Mwishoni mwa robo mwaka, rudi kwa wale mliotembea nao na mpite njia ileile.

MASWALI YA WANACHAMA

Diwani wetu anasema ni watu wachache mno kutengewa fungu. Nimjibuje?
Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, kama mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu mkubwa. Daftari lenu likionyesha mmoja kati ya mia, lenye kasoro ni daftari. Rudini hatua ya 1.

Kwa nini tusiwaweke wazee na wenye ulemavu kundi moja?
Huduma nyingi watashirikiana, lakini mahitaji hayalingani. Kijana kiziwi anatafuta kazi na mkalimani. Mzee aliyeanza kutosikia ukubwani mara nyingi hajui lugha ya alama, anahitaji kifaa na mtu wa kuzungumza naye taratibu akimtazama usoni. Ukiwachanganya, mmoja atapata huduma ya mwenzake.

Tumepata mfadhili wa viti mwendo. Tukatae?
Msikatae, ila mwombeni agharamie na upimaji. Kiti hupimwa kwa mwili wa mtu kama kiatu. Kisichomtosha kinaweza kumletea vidonda vya kukaa muda mrefu, na kwa asiyehisi miguu vidonda hivyo vinaweza kuua. Aliyepewa afundishwe kukitumia na aonwe tena baadaye.

Je, tujenge makao ya wazee?
Ulizeni wenyewe kwanza. Ibara ya 19 ya mkataba ule inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Wengi niliowauliza walitaka kubaki kwao, wakiomba mtu wa kuwasaidia asubuhi na choo kilicho karibu. Wapo wasio na ndugu kabisa, nao wasisahauliwe, lakini jengo lisiwe jibu la kwanza.

Fedha ikitosha jambo moja tu mwaka huu?
Mhudumu wa kutembelea nyumbani, mwenye orodha ya majina na ratiba. Yeye ndiye atakayewaletea habari za yote mengine. Tafuteni na wa kushika nafasi yake siku za likizo, na nauli zao ziwe zimeandikwa kwenye kasma kabla mkurugenzi hajasaini.