SOMO: Kutambua tao la kale la visiwa vya bahari kwa miamba moto yake

Swali la "nina bazalti, nitajuaje kama ni ya tao?" limeulizwa mno. (Tao ni mstari wa visiwa vya volkano juu ya bamba la dunia linalozama; bazalti ni lava nyeusi iliyoganda.) Jibu langu ni hili, sirudii.

1. Chukua kiini cha mwamba. Ganda lililooza na mishipa ya kalsaiti, tupa.

2. Itazame kwa hadubini kabla ya kulipia maabara.

3. Saga. Hapa ndipo kazi huharibika. Bamba likizama, majimaji yake hupanda na kulainisha koti la dunia (tabaka lililo chini ya gamba) hadi liyeyuke. Hubeba bariamu kwa wingi, lakini niobiamu na tantalamu hubaki nyuma, na upungufu huo ndio alama ya tao. Sasa kinu cha tangsteni kabaidi humwaga tantalamu na hata niobiamu kidogo ndani ya unga: shimo la upungufu huo kwenye grafu linafukiwa, nawe unatangaza bazalti ya tuta la katikati ya bahari (safu ya milima chini ya maji ambako mabamba huachana)! Tumia kinu cha agati (jiwe gumu la silika). Kabla ya kila sampuli saga kwatzi safi, kisha kipande cha sampuli yenyewe ukitupe.

4. Gawanya Ti (titaniamu) kwa V (vanadiamu), zote kwa ppm (sehemu kwa milioni). Tao huwa chini ya 20, tuta 20 hadi 50.

5. Panga kwa umri. Izu-Bonin, kusini mwa Japani, uzamaji ulianza miaka milioni 52 hivi iliyopita. Zilitangulia bazalti zinazofanana na za tuta, zikafuata boninaiti (lava yenye magnesiamu nyingi na titaniamu kidogo: MgO zaidi ya 8%, TiO2 chini ya 0.5%), ndipo lava za kawaida za tao. Sampuli moja haikupi mfuatano huo.

MASWALI

— Ti/V yangu ni 0.003. Tao?
— Umegawanya asilimia kwa ppm. TiO2 1% ni Ti ppm 6,000 hivi. Soma hatua ya 4.

— Bariamu iko juu sana, haitoshi?
— Haitoshi. Maji ya moto huihamisha, pamoja na rubidiamu na potasiamu. Tegemea Th (thoriamu), Nb (niobiamu) na Yb (iterbiamu).

— Magma ikipenya bara la kale je, si itaiga tao?
— Umeuliza la maana, mkuu. Itaiga, maana gamba la bara nalo lina upungufu wa niobiamu. Pima isotopu za neodimiamu: epsilon (tofauti ya uwiano wake na kipimo cha rejea) ya tao la bahari kwa kawaida ni chanya, ya bara la kale hasi. Tafuta pia zirkoni (fuwele ngumu zenye zirkoniamu) zenye umri mkubwa kuliko lava yenyewe.

— Na mizizi ya tao (sehemu zake za kina) huonekana wapi?
— Kohistan, Pakistan, na Talkeetna, Alaska. Kule Jijal, sehemu ya chini kabisa ya tao la Kohistan, utakuta ganeti tele.

— Zr (zirkoniamu) yangu ya graniti imetoka ndogo ajabu.
— Asidi ya kawaida haimalizi zirkoni. Yeyusha kwa lithiamu borati.