Kumwaga picha za harusi kwenye kompyuta bila kupoteza hata moja: somo la Double Commander

Usiku mmoja wa kupamba, Mji wa Kale, nilipiga kwa kamera mbili. Kamera nyingi huipa picha namba ya tarakimu nne tu. Ikifika 9999 inarudi 0001. Kwa hivyo kadi zote mbili zilikuwa na DSC_0412, DSC_0413 na kuendelea. Saa nane usiku, macho mazito, nikaimwaga kadi ya pili juu ya folda ya kwanza. Windows ikauliza kama ibadilishe zilizomo, nikakubali. Kadi ya kwanza nilikuwa nimeshaifuta. Picha za bibi harusi akiingia zikapotea, na mamake akalia mbele yangu.

Tangu hapo picha ya mteja naihamisha kwa Double Commander, programu ya kukopi na kupanga faili, na kila msichana anayekuja kwangu kujifunza kazi huanza nayo. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na iko ya zip unayoifungua ukaitumia bila kuiinstoli. Mtindo wenyewe ni wa zamani, tangu Norton Commander ya 1986: paneli mbili ubavu kwa ubavu, unaona mali inakotoka na inakokwenda kwa pamoja.

1. Paneli ya kushoto fungua kadi, ya kulia fungua diski. Tab inakuhamisha upande.

2. Upande wa diski bonyeza F7, uandike jina la folda, kisha uingie ndani yake. Kila kadi na folda yake. Hapa usifanye uvivu.

3. Rudi kwenye kadi, chagua picha zote kwa Ctrl+A, kisha F5. F5 inakopi, F6 inahamisha. Kwenye kadi mimi F6 siigusi kabisa: stima ikipotea katikati, nataka picha zote ziwe bado kwenye kadi.

4. Sasa majina. Ukiwa upande wa diski, chagua zote, Ctrl+M. Penye jina andika K1_[N]. Hiyo [N] ni jina la zamani, kwa hivyo DSC_0412 inakuwa K1_DSC_0412. Kadi ya pili iwe K2. Jedwali linakuonyesha jina la zamani na jipya kabla hujakubali. Lisome, hasa mistari ya mwisho.

5. Usifute kadi mpaka uzifungue picha kadhaa kwa F3, za mwanzo, za katikati na za mwisho, na idadi ya pande zote mbili iwe sawa.

Maswali

Kutoka Likoni: Dada, shikamoo. Nikibonyeza F5 laptopu yangu inapunguza mwanga tu.
Marahaba. Shika kitufe cha Fn pamoja na F5.

Kutoka Kisauni: Je, Total Commander si ndiyo bora?
Ni nzuri sana. Christian Ghisler wa Uswisi ameitengeneza tangu 1993. Lakini ile ni ya kulipia baada ya kuijaribu, na usipolipa kila ukiifungua inakutaka ubonyeze namba kwanza. Vitufe vingi ni vilevile, ukijua moja umejua zote.

Kutoka Majengo: Niko saiba. Wateja wanaleta flashi, folda zao zimegeuka shotikati. Itanisaidia?
Itakusaidia kuona. Usiibonyeze ile shotikati, ndiyo inayoamsha virusi. Kwenye menyu ya Show washa faili zilizofichwa. Mara nyingi folda halisi ya mteja ipo palepale, imefichwa tu. Kopi hati na picha zake peke yake kwa F5, halafu piga antivairasi kabla ya kumrudishia.

Kutoka Changamwe: Nikikosea nikabonyeza F8, ile ya kufuta?
Kwenye diski ya kompyuta faili huenda kwenye pipa, utaitoa. Kwenye flashi na kadi kwa kawaida hakuna pipa, ikifutwa imefutwa. Ndiyo maana kadi ya harusi naifuta ndani ya kamera, siku mteja akishachukua picha zake.