Kufuatilia hali ya mazao msimu mzima, kutoka Mau Narok hadi Kano

Katikati ya Julai, shamba la mahindi lililogeuka kahawia huko Butere ni habari njema: mahindi yamekomaa na wenyewe wanatafuta magunia. Rangi hiyo hiyo, wiki hiyo hiyo, ikionekana Njoro ni msiba, kwa sababu mahindi ya huko ndiyo kwanza yanakaribia kutoa mbelewele. Ripoti nyingi za mazao huharibika hapa. Mtu anatazama rangi kabla hajauliza zao limefika hatua gani.

Mwongozo huu ni wa vyama vya ushirika, maafisa wa kilimo wa wadi na vikundi vinavyotaka kujua msimu unakwendaje kabla ya mavuno. Taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) ya Kenya hushughulikia kaunti 23 za maeneo kame na nusu kame. Kisumu, Kakamega na Nakuru hazimo, kwa hiyo mkitaka picha ya eneo lenu, itabidi muitengeneze wenyewe.

Kwanza, gawa eneo kwa kanda

Usigawe kwa mipaka ya kaunti. Kaunti ya Nakuru peke yake ina angalau kanda tatu zisizofanana. Juu kabisa ni Kuresoi, Molo na Mau Narok, kwenye baridi, viazi, ngano na pareto. Kati ni Njoro, Rongai, Bahati na Subukia, nchi ya mahindi. Kisha kuna Gilgil na Naivasha, ambako milima huzuia mvua na msimu mzuri wa Njoro hausemi lolote kuhusu huko. Kisumu nayo ina udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kano, miwa ya Muhoroni chini ya miinuko ya Nandi, na mashamba makavu zaidi ya Seme na Nyakach.

Ramani za kanda za kilimo za Kenya hutumia herufi za mwinuko na namba ya unyevu: UH na LH ni nyanda za juu, UM na LM ni za kati. LM1 ni ukanda wa miwa, LH1 ni wa chai na maziwa, na namba ikipanda ukanda unazidi kukauka. Kama ramani haipo, mwinuko unaosomwa kwenye simu utakufikisha mbali, maana Kisumu mjini ni kama mita 1,140 juu ya bahari, Nakuru mjini kama 1,850. Kanda tano au sita zinatosha. Zikizidi hapo, hutapata watu wa kuzitembelea.

Kila ukanda na kalenda yake

Andika kalenda kabla mvua haijanyesha, ukutani, mahali kila mtu ataiona. Trans Nzoia, Uasin Gishu na Nakuru ya juu hupanda kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Aprili, mbegu za muda mrefu kama H614 na H6213, na huvuna Oktoba hadi Desemba. Ni msimu mmoja tu kwa mwaka. Kakamega, Vihiga, Busia, Siaya na Kisumu hupanda mwisho wa Februari na Machi, huvuna Julai na Agosti, kisha hurudia kwa mvua fupi. Ngano ya Njoro na Mau Narok huingia ardhini Mei hadi Julai.

Mpunga wa Ahero una hesabu yake. Maji yake hupandishwa kwa pampu kutoka Mto Nyando, hivyo umeme ukikatika mpunga unaweza kunyauka huku kipimamvua kikisoma vizuri. Mto ukifurika, uharibifu unatokana na mvua iliyonyesha milimani Nandi, si iliyonyesha Ahero. Kwa Kano, basi, weka mtu wa kusoma mvua juu ya mto pia.

Mvua: pima, usikadirie

Kipimamvua cha dukani ni kizuri, lakini mkebe wenye pande zilizonyooka unafanya kazi ile ile. Chukua mkebe wenye mdomo wa sentimita 16. Eneo la mdomo ni sentimita za mraba 201, kwa hiyo kila mililita 20 za maji ni milimita 1 ya mvua. Mimina maji kwenye sirinji ya mililita 20 kutoka agroveti na uhesabu. Rula ndani ya mkebe inasoma mvua kubwa vizuri, lakini mvua ya milimita 2 itakupotea. Matone machache ya mafuta ya kupikia juu ya maji huzuia yasikauke kabla ya kusomwa.

Uwekwe mahali wazi, mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Soma kila siku saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hakuna aliyesoma weka kistari. Watu hulidharau hili, lakini ndilo linaloharibu hesabu za msimu mzima: msomaji akienda matangani siku tatu na kuacha nafasi wazi, anayejumlisha ofisini atazichukua kama siku kavu, kisha atashangaa Jumatatu kunyesha milimita 60. Maji ya siku kadhaa yakisomwa pamoja, andika pembeni kwamba ni ya siku ngapi.

Jumlisha kwa siku kumi kumi: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, 21 hadi mwisho wa mwezi. Kipimo kinachotumiwa sana cha kuanza kwa msimu ni milimita 25 au zaidi ndani ya kumi moja, yaani siku kumi hizo, zikifuatwa na jumla isiyopungua milimita 20 katika makumi mawili yanayofuata. Sehemu ya pili ndiyo inayotenganisha msimu wa kweli na mvua ya kudanganya, ile inayonyesha wiki moja ya Machi, watu wanapanda, mbegu inaota na kukauka. Ina maana pia kwamba huwezi kutangaza siku ile ile kuwa msimu umeanza. Andika “tunasubiri” hadi makumi mawili yapite, hata kama kila mtu anakusukuma.

Shambani

Chagua mashamba manane hadi kumi kwa kila ukanda, kwa kura, na uyarudie hayo hayo kila wiki mbili. Usichague ya kando ya lami. Mashamba ya barabarani mara nyingi ni ya wenye uwezo wa kununua mbolea, na ndiyo yanayotufanya tuamini msimu ni mzuri.

Tembea kwa umbo la herufi W, simama mara tano, kila kituo kagua mimea 20. Andika kwanza hatua ya zao: majani mangapi, mbelewele, ndevu, punje za maziwa, punje ngumu. Wiki mbili kabla na mbili baada ya ndevu kutoka ndizo mahindi hayavumilii kiu. Ukame wa siku kumi wakati mmea uko magotini huweza kusahaulika, lakini siku kumi zile zile kwenye ndevu hupunguza gunia.

Majani kujikunja saa nane mchana kwenye jua ni kawaida. Yakiwa yamejikunja saa mbili asubuhi, hiyo ni kiu kweli. Chimba kwa jembe sentimita 20 kabla ya kuandika “ukame”. Ukikuta udongo una unyevu huku mahindi yamenyauka, tafuta kayongo: gugu hili hunyonya mizizi kwa wiki kadhaa kabla maua yake ya zambarau hayajatokeza juu ya ardhi, na Siaya, Busia na Kisumu limejaa.

Rangi nazo zina maana zake. Umanjano unaoanzia ncha ya jani la chini na kushuka katikati kama V ni njaa ya naitrojeni, mbolea ya kukuzia imechelewa au haikuwekwa. Shamba zima kuwa manjano kwenye udongo mweusi baada ya mvua kubwa ni mizizi kukosa hewa. Zambarau kwenye mahindi machanga ya Vihiga huelekea kuwa ukosefu wa fosforasi katika udongo wenye asidi, lakini Molo inaweza kuwa baridi tu, nayo huisha mmea ukikua.

Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Kenya mwaka 2017, hukaguliwa asubuhi mapema. Fungua moyo wa mmea utafute kinyesi kama vumbi la mbao. Kiwavi mwenyewe ana alama ya Y iliyogeuzwa kichwani na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Mimea 20 kati ya 100 ikiwa imeshambuliwa mahindi yakiwa machanga, tahadharisha eneo. Yakikaribia mbelewele, ngoja ifike kama 40.

Setilaiti

Picha za Sentinel-2 ni za bure, zina undani wa mita 10 na hurudi kila siku tano. Kipimo cha kijani, NDVI, huonyesha mahali mimea imestawi. Shida ya magharibi ni mawingu: Aprili na Mei unaweza kukaa wiki kadhaa bila picha safi, na pikseli yenye wingu husomeka kama shamba lililokufa. Ondoa miwa, chai na miti kwenye ramani kabla ya kukokotoa, la sivyo Muhoroni itaonekana nzuri mwaka mzima. Magugu pia ni kijani. Linganisha kumi la sasa na kumi lile lile la miaka iliyopita, kamwe usilinganishe na kumi lililotangulia. Kwa mvua mahali pasipo na mkebe, data ya CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotokana na setilaiti na vipimo vya vituo, inarudi hadi 1981, lakini kila kijimraba chake ni kama kilomita 5, kwa hiyo haikuambii shamba la nani limenyeshewa.

Kutoa hukumu

Tumia madaraja yanayotumiwa kimataifa: bora sana, nzuri, ya kuangaliwa, mbaya, imeshindwa. “Ya kuangaliwa” ni zao lililo karibu na wastani lakini lina hatari, na bado linaweza kupona. “Mbaya” ni mavuno yanayotarajiwa kupungua kwa asilimia 10 hadi 25, na zaidi ya hapo limeshindwa. Kila daraja lisilo “nzuri” liandikiwe sababu: ukavu, maji mengi, mvua kuchelewa, wadudu, mbolea kukosekana. Bila sababu, anayepokea ripoti hajui apeleke mbegu, dawa au chakula. Ndevu zikishakauka, daraja la kuangaliwa halina kazi tena kwa mahindi. Amua.

Makadirio ya magunia

Mahindi yakishakuwa na punje ngumu, pima mita 5.4 za mstari. Kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, hiyo ni sehemu moja ya elfu ya ekari. Nafasi ikiwa 90, pima mita 4.5. Kwa upandaji wa 75 kwa 25 utarajie mashina 21 au 22. Ukikuta 15, hasara ilianza kwenye kuota, kabla ya kiu wala viwavi.

Hesabu mahindi yenye punje, menya kila la tano bila kuchagua, zidisha mistari kwa punje za mstari mmoja. Mistari ya punje huwa shufwa. Ukipata 13, rudia. Tuseme ni mahindi 17, wastani wa punje 420: ekari ina punje 7,140,000. Pima punje 100 zilizokauka. Zikiwa gramu 36, gunia la kilo 90 ni punje 250,000, nawe una magunia 28 na nusu. Zikiwa gramu 30, gunia ni punje 300,000 na ekari inakuwa chini ya 24. Rudia vituo vitano, chukua wastani, kisha punguza sehemu ya kumi ya kuoza, ndege na panya. Kwa Kakamega na Bungoma ya chini, ambako mavuno ya Agosti huanikwa kati ya mvua, punguza zaidi, na usihesabu gunia kuwa gunia hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5.