Kuvika mbao ukuta wa mlango mkuu wa ghorofa la wapangaji

Ghorofa la flati kumi na mbili, saruji tupu tangu getini: mpangaji anaingia, anapanda, anajifungia kwake. Mbao chache mahali pa kupokelea watu hubadilisha hali hiyo. Usivike jengo zima. Vika pale mkono unapogusa.

1. Chagua ukuta. Simama mlangoni jioni watu wakirudi. Tazama wanapoegemea, wanapotua mifuko ya sokoni wakitafuta funguo. Huo ndio ukuta wako. Ngazi usizivike kabisa: moto ukizuka ndiyo njia ya kutokea, na mbao huwaka.

2. Mbao. Hapa Dar natumia mtiki au mvule, maana mchwa huzipata kwa shida. Zipange ulipo ukuta kwa wiki mbili, ukitenganisha kwa vijiti hewa ipite. Kuna mwaka nilikubali kuharakishwa nikafunga mbao mbichi. Miezi mitatu baadaye zilikuwa zimesinyaa, baadhi zimepinda hadi skrubu zikang'oka. Nilibandua zote na kurudia kwa fedha yangu.

3. Fito, yaani vipande vyembamba vya mbao unavyofunga ukutani kwanza ili vishike mbao zako. Mbao zikilala, fito zisimame, kila sm 50, unene mm 25. Hivyo hewa hupanda nyuma ya mbao na maji hushuka yasituame. Hakikisha kwa pima maji. Ukuta wa tofali hauaminiki.

4. Kufunga. Anza sm 15 juu ya sakafu, maji ya deki na ya mvua yasirukie mbao. Acha mm 6 kati ya mbao na mbao. Toboa kwanza kwa drili, kisha tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Msumari wa kawaida ukikutana na unyevu kwenye mbao hizi huacha michirizi myeusi ambayo msasa hauimalizi.

5. Baraza. Hapa usibane matumizi. Mbele ya mbao hizo jenga benchi, kimo sm 45, upana sm 45, pembe zake uzivunje kwa randa na kusugua kwa msasa mpaka kiganja kipite bila kukwama. Mtu mwenye pa kukaa husalimia jirani yake.

6. Mafuta. Paka mafuta ya kitani, si vanishi ya kung'aa. Vanishi ikibanduka itabidi ukwangue yote, mafuta unarudishia kwa kitambaa. Vitambaa hivyo usivirundike, huweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje, kimoja kimoja, vikauke.